Kisia Nimebeba Nini

Walimwita Kobe, na aliyeanza kumwita hivyo alishasahaulika zamani. Madereva wengine wa malori huendesha kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Yeye aliendesha kama aliyebeba karai la maji lililojaa pomoni. Kazi yenyewe ilimtaka awe hivyo. Alikuwa dereva wa lobedi, lile tela refu la tumbo la chini linalobeba vitu ambavyo matela mengine huvitazama na kugeuza shingo: transfoma za umeme kubwa kama nyumba, maboila ya viwanda, mitambo ya kuchimbia barabara. Mabasi yalimpita yakimpigia honi za dharau, naye akayapungia mkono kwa adabu. Mbele ya safari aliyakuta mengine yamelala mtaroni, na hapo pia aliyapungia mkono, ingawa mkewe alimwambia kwamba hiyo si adabu tena, ni uchokozi.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa nyuma ya bandari. Chumba cha mbele kiligawanywa kwa pazia. Upande mmoja mkewe alishona nguo za watu kwa cherehani ya miguu, na upande wa pili kulikuwa na makochi mawili, redio, na ukutani picha moja tu kubwa. Ilikuwa picha ya mtoto wa kike asiye na meno ya mbele, amekaa juu ya bampa ya lori, amekunja mikono kifuani kama ndiye mwenye mali. Huyo ndiye mtoto wao wa pekee. Walimpata wakiwa wameshakata tamaa, wakampenda mpaka majirani wakasema watamharibu. Hakuharibika. Sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu katika mji wa bara, safari ya siku mbili kwa lori la Kobe, yaani nusu siku kwa watu wengine.

Baba na binti walikuwa na mchezo wao. Tangu mtoto alipojua kushika simu, baba akipiga kutoka safarini, yeye hakusalimia, aliuliza, "Baba, umebeba nini?" Baba naye hujibu, "Kisia." Hapo maswali huanza kumiminika. Lina magurudumu? Linakula mafuta? Lina mdomo? Mdomo kwao ulikuwa kitu chochote kilichojitokeza mbele. Mtambo wa kuchimba ulikuwa nao, transfoma haikuwa nao. Baba aliruhusiwa kujibu ndiyo au hapana, basi, bila maelezo, na kudanganya kulikuwa mwiko. Mtoto akishaona mwanga husema, "Nimelijua," analitaja, na akipatia baba huvuta kamba ya honi, ndefu, simu ikiwa bado sikioni. Mkewe alisema wako watu waliolelewa kwa maziwa, huyu kalelewa kwa honi. Msichana alikua, akaenda chuo, akaanza kusoma vitabu vyenye maneno ambayo baba yake hakuyajua, na bado aliuliza vilevile, mbele ya wenzake, bila haya.

Likizo nyingine alipokuwa mdogo alisafiri naye. Safari moja walipeleka transfoma katika mji huohuo wa bara, na mji huo una kona mbaya mara tu baada ya daraja, pale barabara kuu inapojikunja kati ya duka la dawa na ukuta wa ghala kuukuu. Madereva wa mizigo mirefu wanaiita Kiwiko. Kobe alisimamisha lori, akamshusha mtoto, akamwonyesha kwa ncha ya kiatu.

"Kichwa cha lori kinapita popote, mwanangu. Shida ni mkia. Mkia haufuati njia ya kichwa, unakata ndani. Unaona hapa, pembeni ya ngazi ya duka? Mtu akiweka kitu kizito hapa, mimi sipiti hata nikilia."

Mtoto akasimama palepale kwa miguu miwili, akainua mkono kama askari wa barabarani. "Basi leo hupiti."

Walicheka wote, hata utingo wake, mtu mzima aliyeitwa Mkia kwa sababu ujana wake wote aliumaliza nyuma ya tela akitazama magurudumu. Wakati ule walikuwa na tela la zamani. Jipya lilikuja baadaye, lenye magurudumu ya nyuma yanayogeuzwa: Mkia hutembea kando yake na kisanduku cha vitufe kimening'inia shingoni, akiusukuma mwisho wa tela kule anakotaka. Habari ya tela hilo Kobe hakuwahi kumsimulia binti yake. Hakuificha, haikutokea tu.

Sasa, siku moja tajiri wake, mwenye malori, alimwita ofisini akafunga mlango. Hilo peke yake lilimtia Kobe wasiwasi, maana ofisi ile ilikuwa na joto la tanuri na mlango haukuwa ukifungwa hata mvua ikinyesha.

"Kuna mzigo wa serikali bandarini," tajiri alisema. "Magari ya deraya, ya jeshi. Malori manne. Wewe unatangulia."

"Yanakwenda wapi?"

Tajiri akautaja mji wa binti yake.

Redio ilikuwa imesema kidogo kuhusu mji ule, na watu walikuwa wamesema mengi. Wanafunzi kadhaa wa chuo walikamatwa, wakapelekwa kusikojulikana, na tangu hapo wenzao na vijana wa mji walikuwa barabarani wakitaka warudishwe. Mawe yalikuwa yamesharushwa. Maduka yalikuwa yakifunguliwa nusu mlango. Binti, alipopigiwa simu, alisema yeye yuko salama, na kwamba hajafanya lolote la kumfanya baba yake akose usingizi. Kobe alimlea mwenyewe. Alijua maana yake ni kwamba amefanya.

"Na nikikataa?" aliuliza.

"Ukikataa nampa Breki."

Breki alikuwa dereva kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa akizitumia. Kobe alimwona akilini mwake akiingia Kiwiko na dude la chuma mgongoni, mguu umekandamiza mafuta, watu wamejaa barazani. Akasema atakwenda.

Nyumbani mkewe hakuacha kushona. Cherehani iliendelea kugonga, na alizungumza juu ya kelele yake.

"Huko unakokwenda kuna nani wako?"

"Kuna mwanangu."

"Na hayo madude unampelekea nani?"

"Mke wangu, nisipopeleka mimi atapeleka Breki. Mimi njia ile naijua. Nitapita bila kumgusa mtu."

"Kupita unajua," mkewe akasema, akakata uzi kwa meno. "Wala sijakuuliza kupita."

Alikwenda kulala akiwa na jibu zuri kabisa, na kulipokucha halikuwa zuri tena, lakini ahadi alikuwa ameshaitoa. Hapa watu wengi watamlaumu, na wana haki. Mimi nasema tu kwamba mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote huanza kuamini kwamba hakuna ubaya usioweza kupunguzwa kwa kuifanya kazi hiyo vizuri. Kobe aliamini hivyo, na imani hiyo haikuwahi kumwangusha mpaka safari ile.

Bandarini magari yalikuwa yamepangwa nyuma ya makontena, marefu, mazito, ya rangi ya udongo, magurudumu yake yakimfika mtu kifuani. Juu ya kila moja kulikuwa na mtutu umefunikwa turubai. Yalipopandishwa, mapana yake yalizidi tela kwa kulia na kushoto, ikabidi kufungwa vitambaa vyekundu pembeni na kibao cha hatari nyuma. Kobe alifunga minyororo mwenyewe. Hakumwachia mtu kazi hiyo hata siku moja. Anayeendesha ndiye afunge, alisema, maana usiku mnyororo ukikatika ndotoni, lawama iwe ya mtu mmoja. Mkia alipigilia kabari za mbao chini ya magurudumu, kisha akakigonga chuma kwa kifundo cha kidole.

"Hili ukilipiga halisikii," alisema. "Kama shemeji yangu."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Kapteni aliyepewa msafara alikuwa kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na alipopanda kukaa upande wa abiria alianza kwa kuamkia. "Shikamoo, mzee." Kobe akaitikia, na kwa bahati mbaya akampenda. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na kiburi. Kapteni alimwomba, hakumwamuru, kwamba mtu asitaje mzigo kwenye simu, hata kwa mke. "Unaelewa, mzee. Hali si nzuri." Kobe akasema anaelewa.

Wakaondoka, pikipiki za polisi mbele, gari la askari nyuma yake, kisha Kobe na wenzake. Kwa kawaida mzigo mkubwa ni furaha ya barabara. Watoto hukimbia kando wakihesabu magurudumu, wanaume huacha bao na kutoka kubishana kuhusu uzito, na fundi wa nyaya hutangulia na mti wake mrefu akiinua waya za umeme huku akijiona waziri. Safari hii watoto waliitwa ndani. Watu walisimama milangoni wakiangalia maumbo yale chini ya turubai, na hakuna aliyeuliza ni nini. Mama mmoja alianua nguo ambazo hazijakauka. Kobe alimpungia mkono, kwa mazoea, na yule mama akamtazama tu mpaka akaurudisha mkono kwenye usukani. Ulimwelemea kweli, mkono ule.

Mzigo mpana hautembei gizani, kwa hiyo mapema jioni waliegesha kwenye uwanja wa malori kando ya kituo cha mafuta. Kapteni alikwenda kunawa uso. Kobe alikaa kwenye ngazi ya lori lake, simu ikaita.

"Baba, umebeba nini?"

Alikuwa ameisubiri simu hiyo na alikuwa ameiogopa. "Kisia," alisema.

"Lina magurudumu?"

"Ndiyo."

"Linachimba?"

"Hapana."

"Linalima?"

"Hapana."

Sauti za watu zilisikika nyuma ya binti, wengi, wakiongea wote kwa pamoja. "Lina mdomo?"

Kobe aliinua macho. Upepo ulikuwa umelifunua turubai kwenye pembe, na mtutu ulikuwa umetokeza, mweusi, umeelekea kichwa cha lori lake mwenyewe.

"Hapana," alisema.

Ndivyo alivyodanganya kwa mara ya kwanza katika mchezo ule, na neno lilimtoka laini kama amezoea.

"Basi limenishinda," binti akasema. "Nitamalizia kesho."

"Kesho usitoke chumbani kwako. Umenisikia? Kaa ndani."

"Kwa nini, baba?"

"Watu wanasema mambo si mazuri huko."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Binti akasema, taratibu, "Haya, baba. Ulale salama." Simu ikakatika, na Kobe akabaki ameishika kama ndege aliyekufa mkononi.

Siku ya pili walilivuka daraja jua likiwa limeshapanda. Pikipiki zilikata kona zikapotea, kisha moja ikarudi, na yule polisi akapunga mikono yote miwili. Kobe akasogea pole pole mpaka Kiwiko kikafunguka mbele yake, na hapo akakanyaga breki, akavuta na ya mkono.

Alijua kabla hajashuka. Kando ya barabara kulikuwa na kazi ya mitaro iliyosimama, na mabomba makubwa ya zege yalikuwa yamelazwa pale tangu zamani. Matatu kati yake yalikuwa yamesimamishwa wima, yakajazwa mawe, yakamwagiwa saruji ambayo ilikuwa imeshashika. Hayakuziba barabara. Mtu asiyejua malori angecheka na kuuliza yanazuia nini, maana nafasi ilibaki tele kwa kichwa. Yalisimama pembeni ya ngazi ya duka la dawa, kwenye kipande kile cha lami alichokionyesha miaka mingi iliyopita kwa ncha ya kiatu.

Barazani kwa duka la dawa vijana walikuwa wamekaa kwa utulivu, wengi, hakuna aliyeshika jiwe. Wala hawakuwa njiani. Aliyepanga jambo lile alilipanga ili mtu yeyote asilazimike kusimama mbele ya magurudumu. Kobe aliliona hilo pia, na katikati ya hofu yake alijisikia fahari, jambo ambalo hakuweza kumsimulia mtu baadaye.

Binti alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu, mkoba begani. Alikuwa akilitazama lori. Alilijua lori lile kama anavyojua mlango wa kwao, mpaka pengo kwenye bampa aliyoikalia pichani. Kutoka alipokuwa, Kobe hakuona vizuri macho yake, lakini aliona mkono wake ukienda mdomoni na kubaki hapo.

Kapteni aliruka chini, akayazunguka mabomba, akayapiga teke. "Nani kayaweka hapa?"

"Mtu anayejua malori," Kobe akasema, na papo hapo akatamani kuumeza ulimi wake.

"Dereva?"

"Dereva yeyote anayepita hapa. Kona hii inajulikana."

Kapteni alitazama barazani, akatazama saa, akavua kofia akajipangusa jasho. "Panapitika, mzee? Kama hapapitiki nashusha moja la mbele, linayasukuma haya. Na nikishalishusha sitalipandisha tena. Yote yatashuka, yaingie mjini kwa miguu yake."

"Na wale pale barazani?"

"Watatawanyika."

"Wasipotawanyika?"

Kapteni alirudisha kofia kichwani. Alikuwa kijana ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu wa umri wa baba yake.

Kobe aliomba aende kupima. Alikwenda kwenye mabomba, akainama, akajifanya anapima kwa viganja, kumbe anafikiri. Akisema hapapitiki, binti yake atakuwa ameshinda. Atashinda kwa muda wa kufungua minyororo. Kisha chuma kile kitashuka kikiwa na dereva mwenye hasira ndani, kitakuja kwenye mabomba haya, na yeye anamjua mwanawe: hataondoka. Atakuja asimame palepale kwa miguu miwili na kuinua mkono. Akisema panapitika, magari yatabaki yamefungwa mgongoni mwa malori mpaka kambini, upande wa pili wa mji, na gari lililofungwa minyororo halimgongi mtu. Leo angalau. Kuhusu kesho hakuwa na la kujiambia, na hakujaribu.

Mkia alikuwa amefika nyuma yake, kisanduku shingoni. "Kobe. Yule kwenye ngazi si mtoto wetu?"

"Ndiye. Usimtazame."

Mkia akatazama mabomba, akatazama ngazi, akaelewa yote kwa mara moja. Naye alikuwepo siku ile walipocheka. Alishusha sauti. "Basi tukwame. Mimi nasema kisanduku kimekufa. Nani atajua?"

"Tukikwama watayashusha."

Mkia aliyazungusha macho mpaka kwenye mitutu, kisha akakishika kisanduku chake kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitu cha moto. "Yeye ataona tumempita makusudi," alisema.

"Najua."

"Atakuchukia, ndugu yangu."

"Akinichukia akiwa mzima, sawa," Kobe akasema, na akarudi kwa kapteni kumwambia kwamba panapitika bila kushusha kitu.

Askari walijipanga mstari kati ya baraza na barabara. Kobe akaingiza gia ya chini kabisa. Alikipeleka kichwa cha lori mpaka kioo cha pembeni kikakaribia kuulamba ukuta wa ghala, kisha akaanza kukunja, na nyuma Mkia akabonyeza vitufe. Magurudumu ya mwisho yakageuka upande usiotarajiwa, mkia wa tela ukatanuka nje, ukaanza kuyazunguka mabomba ya zege kama mtu mnene anayepita kati ya viti vya watu. Barazani vijana walisimama. Mmoja alisema kitu kwa sauti, mwingine akamgeukia binti na kumuuliza. Binti alikuwa akiyatazama yale magurudumu yanayogeuka, na uso wake ulikuwa ule wa utotoni aliokuwa nao hesabu ikikataa.

Nusu ya kona Mkia aliomba kwenye redio ya mkononi wasimame, apime upya. Lori likatulia, injini ikinguruma. Simu ikaita mfukoni mwa shati la Kobe. Kupitia dirishani, juu ya kofia za askari, aliona mkono wa binti ukiwa sikioni.

"Ni mwanangu," alimwambia kapteni.

"Ongea naye, mzee. Mambo ya kawaida tu."

Akaiweka sikioni. Kwa muda alisikia injini ya lori lake mwenyewe ikimrudia kutoka upande wa pili.

"Baba," binti alisema. "Umebeba nini?"

"Kisia."

"Lina magurudumu?"

"Ndiyo."

"Lina mdomo?"

Kapteni alikuwa akitazama mbele, akipiga vidole gotini. "Ndiyo," Kobe akasema.

"Jana uliniambia hapana."

Hilo halikuwa swali, na mchezo haukuwa na jibu lake. Alimsikia akivuta pumzi.

"Tela lako siku hizi linageuza mkia?"

"Ndiyo."

"Kama ungetaka kukwama hapo, ungeweza kukwama?"

Alifumba macho. Sheria ilikuwa ndiyo au hapana, bila maelezo, na uongo wake mmoja ulikuwa umeshatumika. "Ndiyo," alisema.

Akangoja. Kulikuwa na swali moja tu lililobaki, la kwa nini unafanya hivi, na lingeweza kuulizwa kwa namna ya kujibika: ni kwa ajili yangu? Angesema ndiyo, hata kapteni akisikia, hata iweje. Aliibana simu sikioni mpaka ikamuuma. Lakini katika mchezo ule baba hakuwa na zamu ya kueleza, alikuwa na zamu ya kujibu, na binti aliyeuliza maswali tangu hajaota meno ya mbele hakuliuliza hilo.

"Nimelijua, baba," alisema.

Hakulitaja jina la mzigo. Wala hakukata simu. Alikuwa akisubiri haki yake, ile honi. Kobe aliinua mkono juu ya kichwa, akaishika kamba, akavuta.

Honi ikajaa kona nzima, ikagonga ukuta wa ghala ikarudi. Barazani vijana wakalipuka kwa hasira: wamepitwa, na sasa wanachekwa na dereva. Chupa ikaruka juu ya askari, ikapasukia kwenye mlango wa lori. "Ya nini hiyo, mzee?" kapteni akauliza, ameshtuka, na Kobe akamwambia ni desturi ya kona. Katikati ya kelele zile binti alishusha simu, akaitia mkobani, akashuka ngazi kwa upande wa uchochoro, akaenda zake akifuata ukuta wa duka la dawa, bila kukimbia, bila kugeuka.

Ameondoka pale. Tangu jana Kobe hakuwa ameomba jambo jingine lolote, na sasa alikuwa amepewa, na machozi yalimtoka wazi mbele ya mtoto wa watu aliyevaa sare.

Redio ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Mkia kutoka nyuma. "Kobe, nimesikia honi. Kuna mtu mbele yako?"

Alitazama ngazi ya juu ya duka la dawa.

"Hakuna mtu," alisema. "Zungusha, twende."